"Mimi" Iliyofichika



Katika somo la Nahau tunafundishwa kwamba neno "aktubu", yaani naandika, lina mtendaji asiyeonekana. Ustadhi akiuliza yuko wapi, tunajibu: ni dhamiri mustatiri, iliyofichika, na takdiri yake ni "ana", mimi. Haiandikwi wala haitamkwi, lakini bila yake kitendo hakina mwenyewe.

Kanuni hii imenifaa nyumbani kuliko kwenye mtihani. Bibi yangu ameshikwa na maradhi ya kusahau. Majina ya wanawe yamemtoka, na hajui leo ni siku gani. Baadhi ya jamaa husema, "Yule si yeye tena." Maneno hayo huniuma. Je, fikra zikimwondoka mtu, naye huwa ameondoka?

Ibn Sina, aliyezaliwa mwaka 980 karibu na Bukhara na kufariki Hamadan mwaka 1037, alituambia tumfikirie mtu aliyeumbwa mara moja akiwa mtu mzima. Anaelea hewani, macho yamefunikwa, viungo havigusani, wala hahisi chochote. Hajui kama ana mkono au mguu. Je, atajua kwamba yupo? Ibn Sina akajibu: ndiyo, atajua.

Mwaka 1637 Descartes wa Ufaransa aliandika kwamba anafikiri, kwa hiyo yupo. Lakini Ibn Sina alikwishaonyesha kwamba ukisema "tendo langu", umekwishajitaja humo humo. Nafsi imeitangulia hoja.

Hata hivyo hakuidharau fikra. Alipambanua kati ya kujihisi na kujua kwamba unajihisi. La kwanza haliachani na nafsi. La pili huja kwa akili.

Jioni bibi huniambia, "Nasikia baridi." Jina langu halijui, na pengine hata lake limempotea. Lakini baridi ile ina mwenyewe. Mtendaji yumo, ila amefichika. Mimi naamini hivyo, na ndiyo sababu humjibu kama nilivyokuwa nikimjibu zamani: "Labeka, bibi."

Basi ndugu zangu, tusimzungumze mgonjwa mbele yake kana kwamba hayupo. Na sisi ambao maneno bado tunayo, tuyatumie kujihoji: ni nani huyu anayesoma, na anasoma kwa ajili gani? Swali hilo hakuna wa kutujibia.

Wabillahi tawfiq.