Madden Kabla ya Gemu

Kwa vibanda vya PlayStation mtaani, foleni ilikuwa ya FIFA. CD ya Madden ilikaa tu kwa rafu, na ukiuliza Madden ni nini, unaambiwa ni ile mpira ya Wamarekani ya kubebwa na mikono. Kumbe ni mtu.

John Madden alichaguliwa na Philadelphia Eagles mwaka 1958, goti likaharibika mazoezini kabla hajacheza hata mechi moja ya ligi. Akiwa anajiuguza, alikuwa akikaa na mkongwe wa timu, Norm Van Brocklin, wakitazama filamu za mechi. Ualimu wake ulianzia hapo. Mwaka 1969, akiwa na miaka 32, alipewa Oakland Raiders. Misimu kumi: ushindi 103, kupoteza 32, sare 7. Januari 1977 akachukua Super Bowl, 32-14 dhidi ya Minnesota Vikings.

Lakini mimi hunasa kwa tarehe nyingine. 12 Agosti 1978, mechi ya maandalizi tu, isiyo na pointi, beki wake Jack Tatum alimgonga Darryl Stingley wa New England Patriots. Refa hakuona kosa. Stingley, miaka 26, hakutembea tena. Madden alienda hospitalini, akarudi, akaendelea kurudi, na huyo hakuwa hata mchezaji wake. Msimu ulipoisha aliacha ukocha, akiwa na miaka 42. Alitaja kidonda cha tumbo na kuchoka. Sidhani tumbo lilijiumiza lenyewe.

Halafu ikaja runinga, miaka thelathini hivi ya kuchora mistari kwa skrini na kupiga kelele za furaha. Ndege aliziogopa, kwa hivyo alizunguka Marekani yote kwa basi lake. Na ile gemu ya 1988 ilichelewa kwa sababu yake: kompyuta za wakati huo zilishindwa na wachezaji wengi, naye akakataa kabisa timu ya watu pungufu ya 11.

Katika toleo la '92, mchezaji akiumia, ambulensi inaingia uwanjani mbio na kugonga wachezaji wengine njiani. Watu bado wanaiweka YouTube wakicheka. Ni kweli inachekesha. Ila jina lililo kwa kava ni la yule jamaa aliyekaa kando ya kitanda cha Stingley.