Umeme wa Kubeba

Kinasa sauti changu cha kwanza kilikula betri sita za tochi, zile nene. Nilikuwa nikizunguka vijiji vya Dodoma kurekodi wapiga zeze, na betri zikichoka nilifanya kama kila nyumba yenye redio: nilizianika juu ya bati. Jua liliziamsha kwa wimbo mmoja hivi, kisha utepe ukaanza kujikokota. Hapo kijijini hujui kitu. Ukirudi mjini ukaweka betri mpya, utepe unakimbia mwendo wake wa kawaida, na mzee mwenye sauti nzito anaimba kama mtoto. Mmoja nilimrudishia kanda yake aisikilize. "Mwanangu," akasema, "huyu siye mimi."

Nikahamia betri ya gari ya ampea-saa 70, karibu kilo 18, nikaifunga nyuma ya pikipiki kwa mpira wa tyubu. Maji ya betri yalinitoboa suruali mbili. Tena betri ya risasi haipendi kumalizwa. Ukiivuta chini ya nusu kila mara, inakufa mapema. Kwa hiyo nusu ya mzigo ule ilikuwa abiria tu. Kibaya zaidi, inveta yangu ya bei rahisi ilileta mvumo, na zeze ni chombo kipole, halina nguvu ya kuufunika. Nililaumu maikrofoni, nikalaumu waya, karibu nimlaumu mpigaji. Siku nilipozima inveta, mvumo ukanyamaza.

Ndipo nikaamua kuunda sanduku langu la betri. Nilinunua seli nne za lithiamu, zile za fosfeti ya chuma, aina ambayo kundi la mwanasayansi John Goodenough lilivumbua Texas miaka ya 1990. Kila seli ina volti 3.2, nne zikiungana ni 12.8. Nikaongeza bodi ndogo ya kuzilinda zisijazwe wala kukaushwa kupita kiasi. Zote hazifiki kilo sita, na inveta sina tena: kinasa cha sasa kinatosheka na volti 5 za USB, zinazopunguzwa kutoka hizo 12.8.

Sanduku lenyewe nililitengeneza kwa bati, na fyuzi niliiona gharama ya bure. Barabara ya vumbi ilisugua waya kwenye ukingo wa bati mpaka ganda likaisha, nikanusa moshi nikiwa bado nimepanda pikipiki. La pili ni la plastiki.

Umeme wa REA, Wakala wa Nishati Vijijini, umefika vijiji vingi nilivyovizoea, lakini zeze linapigwa chini ya mbuyu, mbali na soketi. Nikifika, simu za wenyeji zinachomekwa kwanza, kurekodi baadaye.

Nawe ukiunda lako, nunua fyuzi kabla ya seli, na uifunge karibu kabisa na kichwa cha chanya.