Kamera Niliyoisingizia

Wanafunzi wenzangu na ninyi mliokwisha kumaliza masomo hapa, nataka kuwasimulia jambo lililonipata muhula huu, ili yeyote atakayetakiwa kujirekodi kwa kompyuta asipate aibu niliyoipata mimi.

Naliomba msaada wa ada ili niendelee na masomo ya juu. Mama yangu huuza samaki wakavu sokoni, nasi tu watoto watano. Pasipo msaada huo elimu yangu itakoma hapa Kidato cha Sita. Kila mwombaji alitakiwa ajieleze kwa dakika tatu mbele ya kamera, na kupeleka video yake kwa intaneti kabla ya Ijumaa.

Jumatano alasiri nikaingia katika chumba cha kompyuta, nimevaa shati lililopigwa pasi. Nikasema maneno yangu yote pasipo kukosea. Lakini nilipotazama picha, lo! Uso wangu ulikuwa kivuli kitupu. Nikafunga mapazia, nikarudia. Sasa uso ulionekana, lakini umejaa chenga kama mchanga, na kila nilipoinua mkono uliacha ukungu. Nikawasha taa ndefu za tyubu. Mistari myeusi ikaanza kupita juu ya picha. Zaidi ya hayo, picha ilikuwa ikikatika-katika. Hasira zikanipanda, nikamwambia mzee anayetunza chumba kile, mbele ya vijana wa Kidato cha Kwanza: "Mzee, kamera yenu hii ni takataka."

Mzee hakukasirika. Zamani alikuwa mpiga picha mjini. Akaniuliza tu, "Mwanangu, jua liko wapi?"

Nikageuka. Dirisha kubwa lilikuwa nyuma yangu. Akanieleza kwamba kamera hupima mwanga wote inaouona. Ikiona dirisha linawaka, hupunguza mwanga wa picha nzima, na uso hubaki gizani. Nilipofunga mapazia nalizidisha taabu. Gizani kamera huikawiza kila picha ili ipate mwanga wa kutosha, na badala ya picha 30 kwa sekunde hutoa 15 au pungufu. Ndiyo sababu mkono ukafanya ukungu. Tena huukuza mwanga mdogo ilioupata, na chenga hukua pamoja nao.

Na ile mistari je? Umeme wetu hapa Uganda ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, nazo taa zile hupepesa mara 100. Kamera ilikuwa imepangwa kwa umeme wa 60, kama wa Marekani. Tukafungua mipangilio yake, tukaiweka 50, mistari ikatoweka.

Picha ilikatika kwa sababu nalirekodi moja kwa moja katika intaneti, na mtandao wetu alasiri ni dhaifu. Waombaji waliruhusiwa pia kupeleka faili iliyo tayari. Basi tukarekodi ndani ya kompyuta kwanza, tukaipeleka faili nzima usiku, mtandao ulipotulia.

Tulipokuwa tumekwisha kugeuza meza ili dirisha liwe mbele yangu, mzee akachukua kitambaa laini akafuta lenzi. Palikuwa na alama ya kidole, nayo ilikuwa ya kwangu mwenyewe, maana ndimi niliyeishika-shika kamera tangu mwanzo.

Nikaketi, nikarekodi mara moja tu. Kamera ilikuwa ile ile niliyoitukana, lakini safari hii nilijiona sawasawa, hata mshono wa kola. Nikasimama mbele ya wale vijana wa Kidato cha Kwanza nikasema, "Mzee, nimekosa. Unisamehe." Akacheka, akaniambia nirudishe meza mahali pake.

Majibu ya maombi yangu bado sijayapata. Lakini sasa kila nikiona kitu hakifanyi kazi, najiuliza kwanza swali la mzee, kabla sijafungua kinywa.