Kakahawa
Nilipotembelea Zanzibar, kila alfajiri nilifanya mazoezi ya Pilates kwenye nyasi za Forodhani, kisha nikazunguka vichochoro vya Mji Mkongwe. Mazoezini husikii ila pumzi: vuta, toa. Siku ya tatu mgongo ulilegea, na ulimi nao ukalegea. Barazani nilimwambia muuza kahawa: «Baba, nipe kakahawa.» Wazee wakacheka. Pumzi ikanikwama, mimi, mwanafunzi wa isimu!

Muuzaji akamimina, akasema: «Haka hapa kakahawa kako.»

Upatanisho kamili, bila kosa hata moja.

Nyumbani Lubumbashi, mama akisema «katoto», nilikuwa nikimsahihisha mbele ya wageni. Niliporudi, nilimwomba msamaha.