Kwa nini niliumia Arsenal ilipokosa kombe

Zamu ya kuandika imenifikia, na nimechagua kuandika juu ya mpira. Najua wengine mtasema tuna mambo makubwa kuliko mpira. Hata mimi nilijiambia hivyo. Lakini kuna swali niliulizwa mwezi wa tano na sikuweza kulijibu, nimelifikiria mpaka leo.

Ilikuwa tarehe 8 Mei, siku moja baada ya Arsenal kutolewa na Paris Saint-Germain. Nilifika kazini na macho mekundu. Mimi ni volontia hapa Nakivale, nasaidia kutafsiri kwa wageni wanaofika kutoka Kongo. Dada mmoja wa shirika, mtu mzuri sana, akaniuliza kama nimepata msiba. Nikamwambia hapana, ni mpira. Akacheka kidogo, halafu akauliza kwa upole: "Pamoja na yote unayoyasikia hapa kila siku, kweli unaweza kukosa usingizi kwa sababu ya timu ya London?" Nilikosa la kusema. Nikacheka tu, nikaita familia iliyofuata kwenye foleni.

Kwanza niwaeleze hasara yenyewe, kwa wale ambao hawafuatilii. Arsenal ilianza msimu wa 2024/25 ikiwa na makombe manne ya kugombea. Imemaliza bila hata moja.

Kombe la FA liliondoka tarehe 12 Januari. Tulicheza na Manchester United nyumbani kwetu, wao wakabaki kumi baada ya kadi nyekundu, tukapewa penalti katikati ya mchezo, Ødegaard akakosa. Mechi ikaisha 1-1, ikaenda kwenye mikwaju, Havertz naye akakosa. Mechi hiyohiyo Gabriel Jesus alibebwa kwa machela, na hatukumwona tena msimu mzima. Kombe la Carabao tulilipoteza mbele ya Newcastle kwenye nusu fainali, 2-0 kwetu na 2-0 kwao. Ligi Kuu tukawa wa pili, pointi 74, Liverpool 84. Na hapa ndipo panauma: Liverpool bingwa alipoteza mechi nne, na sisi tulipoteza nne vilevile. Tofauti ni sare. Sisi tulitoka sare mara 14. Yaani hatukupigwa sana, tulishindwa tu kumaliza.

Huo ulikuwa mwaka wa tatu mfululizo tunakuwa wa pili. Mwaka 2023 tulikaa kileleni siku 248 halafu City wakatupita. Mwaka 2024 tulipata pointi 89, City wakapata 91. Mpaka hapo, kombe kubwa la mwisho kuletwa Arsenal lilikuwa FA ya 2020. Ubingwa wa ligi wa mwisho mpaka hapo ulikuwa wa 2004, ule wa kucheza mechi 38 bila kupoteza. Mimi wakati huo nilikuwa sijui hata kufunga vifungo vya shati.

Sasa mtauliza kwa nini Arsenal. Sikuichagua mimi. Yaya wangu, mtoto wa kwanza kwetu, ndiye aliyenipa. Yeye aliwaona wale wa 2004 akiwa kijana kule Kadutu, Bukavu, kwenye televisheni ya jirani. Kanu, Lauren, Kolo Touré. Aliniambia ile ilikuwa timu ya kwanza ya Uingereza aliyoona watu kama sisi wakicheza bila kuomba ruhusa. Nilipokuwa mdogo alinifundisha majina yao kabla sijajua kusoma. Watangazaji wa Kiswahili wanawaita Washika Bunduki. Mama alikuwa hapendi jina hilo hata kidogo. Alikuwa anasema, "Washika bunduki tulionao hapa hawatoshi?"

Mimi nilivuka kuja Uganda, yaya akabaki na mke wake na watoto. Ni miaka sita hatujaonana. Tunaongea kwa simu, na ukweli ni kwamba tunaongea Arsenal. Nikimuuliza hali ya huko, anasema "tuko", basi. Akiniuliza hali ya kambini, nami nasema "niko". Lakini tukifika kwa Saka na Ødegaard tunaweza kumaliza megabaiti zote za wiki.

Mwisho wa Januari Goma ilianguka. Katikati ya Februari M23 wakaingia Bukavu. Jumamosi tarehe 15 nilimpigia yaya tangu asubuhi, simu haipatikani. Nilipiga mpaka nikachoka kusikia ile sauti ya mama wa mtandao. Siku hiyo Arsenal ilikuwa inacheza na Leicester saa tisa na nusu. Sikuwa na moyo wa mpira, lakini kukaa peke yangu ndani ya hema ilikuwa mbaya zaidi, kwa hiyo nikaenda kwenye kibanda. Nililipa shilingi 1,000 nikakaa nyuma kabisa, simu mkononi.

Tulikuwa hatuna mshambuliaji hata mmoja. Jesus nje, Havertz ameumia mazoezini Dubai, Saka na Martinelli nje. Ikaenda sifuri kwa sifuri mpaka dakika ya 80. Kocha Arteta alikuwa amemwingiza Mikel Merino, kiungo, akamweka mbele kama mshambuliaji, kitu ambacho si kazi yake. Dakika ya 81 akafunga kwa kichwa. Dakika ya 87 akafunga tena. Kibanda kikaruka chote. Mimi nilibaki nimekaa.

Nilipokuwa natoka nje, simu ikatetemeka. Ujumbe mfupi wa yaya, namba ya mtu mwingine: "Merino! Tuko bazima bote. Nitakupigia."

Sijui alikuwa ameona mechi au alisikia kwenye redio ya mtu. Sikumuuliza hata baadaye. Nilisimama pale nje ya kibanda nikiusoma ule ujumbe mara nyingi sana, na watu waliokuwa wanapita walidhani nalia kwa furaha ya Merino. Haikuwa uongo.

Naomba niseme na jambo la mkono wa jezi, kwa sababu msimu huu huwezi kuliruka. Kuanzia 2018 mkono wa jezi ya Arsenal ulikuwa umeandikwa Visit Rwanda. Mwezi wa pili serikali ya Kongo iliwaandikia Arsenal, Paris na Bayern Munich, ikiwaomba waachane na mikataba hiyo. Hapa kambini mnajua tulivyochanganyika. Kwenye kibanda maneno yalianza kuwa makali. Kijana mmoja wa kwetu alibandika plasta ya hospitali juu ya yale maandishi. Mwingine akaapa kwamba amehama Arsenal, sasa ni wa Paris. Tukamwambia Paris nao wana mkataba uleule. Akasema basi Bayern. Tukacheka mpaka yeye mwenyewe akacheka.

Lakini rafiki yangu mmoja, mkimbizi wa kutoka Rwanda, ambaye tunakaa naye benchi moja kila wikiendi, hakucheka. Akasema polepole: "Mimi ndiye mtu pekee humu ndani ambaye nikienda kuitembelea nitajuta." Kibanda kikanyamaza. Mwenye kibanda akaongeza sauti ya televisheni. Tangu siku hiyo plasta ilibaki kwenye jezi, lakini hakuna aliyemgusa huyu rafiki yangu kwa neno baya. Mimi mwenyewe ile jezi bado naipenda na bado inaniudhi. Sijapata njia ya kutenganisha hayo mawili.

Halafu ikaja Aprili. Tarehe 8 tukaipiga Real Madrid 3-0. Declan Rice, mtu ambaye hakuwahi kufunga frikiki ya moja kwa moja maisha yake yote, akafunga mbili katika usiku mmoja. Ya tatu, Merino tena. Wiki iliyofuata tukawapiga 2-1 kwao. Yaya akanipigia usiku ule, nikasikia kwa mara ya kwanza tangu Februari anaongea kwa nguvu. Akasema: "Tukifika fainali, nakuja. Tutaiangalia pamoja huko kwako." Nikacheka. Nilijua ni maneno ya furaha tu. Nani ataacha watoto, avuke mipaka, kwa sababu ya mechi?

Nusu fainali ilikuwa na Paris. Mechi ya kwanza London, Dembélé akafunga dakika ya nne, tukapoteza 1-0. Tarehe 7 Mei tukacheza kwao. Kibanda kilijaa tangu saa mbili usiku wakati mechi ni saa nne. Tulianza vizuri, tukapiga na kupiga, golikipa wao Donnarumma akatoa kila kitu. Fabián Ruiz akafunga. Raya akaokoa penalti, tukapata matumaini, Hakimi akafunga la pili. Saka akarudisha moja. Dakika ya 80 mpira ukamkuta Saka karibu kabisa na goli. Goli liko wazi. Akaupiga juu.

Nimeiona ile nafasi usingizini mara nyingi. Ikaisha 2-1, jumla 3-1.

Usiku ule yaya hakupiga. Asubuhi, kabla sijaenda kazini, akatuma sauti. Alikuwa ametulia tu. Akasema: "Mdogo yangu, bale ba Paris banatuua. Haizuru. Ila mi nilishaka uliza bei ya gari."

Nilirudia kusikiliza sentensi hiyo ya mwisho. Alikuwa ameuliza bei ya gari. Hakuwa anatania. Alikwenda kituoni, akauliza ni kiasi gani mpaka mpakani, akapiga hesabu, na pengine alishamwambia mke wake. Mtu mzima kama yeye hawezi kusema "nimekukumbuka, nataka kukuona." Sisi wanaume wa kwetu hatujafundishwa hivyo. Fainali ingemsemea. Fainali ilipokosekana, sababu nayo ikakosekana.

Ndiyo maana macho yangu yalikuwa mekundu, dada. Sikuweza kukueleza siku ile.

Na mwezi wa tano haukutuhurumia. Newcastle walishachukua Carabao mwezi wa tatu, kombe lao la kwanza la ndani ya Uingereza tangu 1955. Tarehe 17 Mei Crystal Palace wakaipiga City wakachukua FA, kombe lao kubwa la kwanza kabisa. Tarehe 21 Tottenham, majirani zetu, waliomaliza ligi nafasi ya 17, wakachukua Europa. Nafasi ya 17, jamani! Tarehe 31 Paris wakaipiga Inter 5-0, Ligi ya Mabingwa yao ya kwanza. Kila aliyekuwa na kiu alikunywa. Sisi tukashikilia kikombe kitupu tukiwaangalia. Mashabiki wa Spurs hapa kambini ni watatu tu, lakini wiki ile walionekana kama mia.

Sasa jibu langu kwa lile swali. Nilidhani jibu ni kwamba mpira unatusahaulisha shida. Si kweli. Mimi kwenye kibanda sisahau kitu. Jibu langu ni kwamba hasara ya mpira ina tarehe. Ligi iliisha tarehe 25 Mei, tukacheza na Southampton, tukashinda 2-1, jedwali likafungwa. Unajua umekosa nini, umekosa kwa pointi ngapi, na ni nani amekushinda. Unaumia, unataniwa, halafu wote mnarudi kwenye sifuri. Mambo yetu mengine hayana jedwali. Mtu anasubiri karatasi miaka minane, hakuna anayemwambia yuko nafasi ya ngapi. Mtu anasubiri vita viishe, hakuna refa wa kuonyesha dakika za nyongeza. Kwa hiyo ninapopata huzuni moja ambayo ina mwanzo na mwisho, naishika kwa mikono miwili. Naumia yote. Na ndani yake naumia na yale mengine kidogo, bila kuyataja.

Wafanyakazi wa mashirika mnaosoma hapa, mkimkuta kijana amenuna asubuhi kwa sababu ya timu, msimcheke haraka. Muulizeni alikuwa anaangalia mechi na nani, au alitaka kuiangalia na nani.

Yaya hakuja. Gari limebaki bei, na bei yenyewe imepanda. Tarehe 18 Juni ratiba ya msimu mpya ilitoka. Sikuwa nimeiona bado, nilikuwa kazini. Simu ikatetemeka, ujumbe wake mfupi: "17/8. Old Trafford, na bale ba Manchester. Jiweke tayari."

Nikamjibu: "Niko."

Halafu nikafuta, nikaandika upya: "Fainali ni Budapest mwaka kesho. Uliza bei mapema."