Kabla Jua Halijatua Gwarama

Basi likishaiacha Nyakanazi na kuelekea Kakonko, hewa hubadilika. Ni nchi ya vilima, migomba imezunguka nyumba, na jioni lazima utafute sweta. Huko ndiko alikozaliwa mume wangu, katika kijiji cha Gwarama. Zamani tuliandika kwenye bahasha "Wilaya ya Kibondo". Tangu mwaka 2012 ni Wilaya ya Kakonko. Wazee wao bado wanasema Buyungu, jina la utawala wa zamani wa Waha wa upande huo.

Mimi ni mtu wa Morogoro. Kwetu salamu ni neno moja na mtu anapita na ndoo yake. Gwarama huwezi. "Mwakeye" ya asubuhi ni mlango tu. Baada yake utaulizwa habari za watoto, za mume, za mifugo, za uliowaacha nyumbani, mmoja mmoja, na mdogo ameinama mbele ya mkubwa. Siku za kwanza nilichoka, nikaona tunapoteza muda wa shamba. Mama mkwe aliniambia kwa upole, "Mwanangu, usipomsalimu mtu vizuri, utamwombeaje?" Nilinyamaza.

Tulikwenda mwezi wa sita, wakati wa kung'oa na kupura maharage. Kazi ni nyingi na mikono haitoshi, basi familia nyingi huita vibarua, na wengi wao ni Warundi, kwa maana mpaka hauko mbali. Kwetu alikuja mama mmoja wa makamo. Alipura tangu umande haujakauka hadi alasiri, hakuketi ila wakati wa kula. Tulikuwa tumepatana shilingi elfu nne kwa siku.

Jioni alisimama pembeni ya uwanja akingoja. Fedha nilikuwa nazo, zimefungwa kwenye pindo la kanga. Nikamwambia wifi yangu kwa Kiswahili, tena bila kushusha sauti, "Hawa Warundi ukiwalipa leo, kesho huwaoni. Aje achukue kesho." Nilidhani yule mama hajui Kiswahili. Wifi akacheka, akalirudia neno langu kwa Kiha.

Ninyi mnaotoka Kigoma mmeshajua kosa lilipo. Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja. Wasemaji wake huelewana bila mkalimani. Yule mama alitazama chini, akakaza kanga yake kiunoni, akaaga kwa heshima zote na kuondoka.

Usiku ugali wa muhogo uliletwa, na maharage yaliyoungwa kwa mawese. Mimi, kama mgeni, niliombwa kushukuru. Niliomba vizuri sana, jamani, hata wenye njaa na wasafiri niliwakumbuka. Nilipofumbua macho, mama mkwe hakuwa amenawa. Akauliza, "Yule mwenzetu amelipwa?"

Ni lazima niwaeleze kidogo juu ya mama huyu. Alilelewa na watu wa Uamsho, ule ulioanzia Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 ukavuka hadi Buha. Kwa watu hao kutubu kanisani peke yake hakukutosha. Mtu aliyeiba jembe alilirudisha mwenyewe kwa mikono yake, na aliyesema vibaya alimwendea aliyemsema. Sisi wa leo tunaona jambo hilo ni zito mno, na nakiri kwamba mimi pia nilijitetea: giza limeingia, kesho atakuja, na isitoshe ni elfu nne tu. Mama mkwe alinikumbusha sheria ya Kumbukumbu la Torati sura ya 24 kuhusu ujira wa maskini na jua kutua. "Jua limekwisha kutua," akasema, "lakini chakula hakijaliwa." Akachukua tochi.

Njiani alinifundisha neno la kusema, "mbabarira", yaani unisamehe. Nililirudia kama mtoto wa chekechea, huku nikijikwaa kwenye mawe. Wifi naye alitufuata nyuma, kimya.

Tulimkuta kwenye nyumba alikofikia, anachambua majani ya kunde karibu na moto. Alishtuka, akadhani tumemfuata kwa shutuma nyingine. Nikapiga magoti, nikampa fedha kwa mikono miwili, nikasema neno langu moja la Kirundi. Mengine mama mkwe aliyasema kwa ajili yangu, hata lile la "hawa Warundi" hakuliacha. Nilitamani aliruke.

Yule mama alizihesabu noti kwenye mwanga wa moto, akazifunga pindoni kama nilivyokuwa nimezifunga mimi. Kisha alianza kutusalimu upya, tangu mwanzo: watoto, mume, mifugo, niliowaacha Morogoro. Nilijibu moja moja. Mwisho akauliza kesho tutaanza kupura saa ngapi.