Kipimo cha Mjomba

Kila ninapowapeleka wanafunzi Bujora, wao hukimbilia ngoma na viti vya watemi. Mimi huchelewa katika nyumba ya mhunzi. Padri David Clement, Mkanada aliyeanzisha makumbusho yale ya Wasukuma katika miaka ya 1950, alifanya vyema kutomsahau mhunzi, kwani jembe na mshale vilitoka katika moto mmoja. Gobore la mjomba wangu nalo lilitoka katika moto wa namna hiyo, ingawa hilo si jambo la kuoneshwa watalii.

Katika Kiswahili, risasi ni jina la madini na pia ni jina la kitu kiuacho. Mjomba, mtu wa mwambao wa ziwa, hakuhitaji kufafanuliwa hilo: chubwi za nyavu zilizochakaa aliziyeyusha katika sufuria, akazimimina katika kalibu ya udongo. Sufuria ile, nasema kwa uchungu, ilirudi jikoni. Hakuna aliyetuambia kwamba madini yale ni sumu ya ubongo wa mtoto, wala kwamba Shirika la Afya Duniani halitambui kiwango chake chochote kuwa salama.

Kuyeyusha hakukuwa kazi. Kazi ilikuwa kupima. Tufe lililopoa hulilingana na mtutu kwa kubahatisha: likiwa dogo, nguvu ya baruti hupenya pembeni na tufe huanguka karibu kama jiwe la mtoto, likiwa kubwa, halishuki. Mjomba alilisugua tufe kwenye jiwe, akaliingiza mdomoni mwa mtutu, akalitoa, akalisugua tena. Sisi watoto tulihesabu. Kisha alilishindilia kwa mdeki hadi likalie baruti barabara, akatuonesha alama aliyoichonga kwenye mdeki ule: ikionekana juu ya mdomo wa mtutu, tufe halijafika.

Usiku mmoja mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati wezi wa ng'ombe walipokuwa wakiitisha Usukuma nzima na Sungusungu wakianza kujipanga kwa pinde na mishale, yowe lilipigwa. Mjomba alishindilia gizani, kwa haraka. Alama hakuiona. Tufe lilikwama katikati, pakabaki nafasi kati yake na baruti, na mtutu ukapasuka.

Wezi hawakuguswa. Mkono wa kushoto wa mjomba ulibaki na vidole viwili.

Wanaosoma sheria watauliza kwa nini mtu alitegemea chombo duni kiasi hicho. Nitawajibu kwa sheria. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia bunduki za kisasa kuingizwa katika eneo la Afrika kati ya latitudo 20 Kaskazini na 22 Kusini, ukaacha mwanya kwa gumegume zisizo na mifuo na baruti ya kawaida. Mwafrika aliachiwa silaha ya kizamani kwa makusudi. Wakoloni waliokuja nchini walibeba nyingine. Sisemi kwamba mjomba angepewa bunduki bora. Nasema tu kwamba uduni wa gobore una historia, na historia hiyo haikuanzia kijijini.

Lakini kilichomgharimu zaidi ni siku tatu alizojificha. Zahanati ingemdai PF3. PF3 hutoka polisi. Na polisi wangeuliza silaha iko wapi. Shangazi alimfunga majani na kitambaa cha kanga. Alipofikishwa kutibiwa, kidonda kilikuwa kimeoza, na mkono ukakatwa kwenye kifundo.

Leo tunayo Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na Serikali hutangaza mara kwa mara vipindi vya msamaha, mtu asalimishe gobore bila kushtakiwa. Naviunga mkono. Ila watumishi wa umma mnaonisoma, naomba mnijibu: mbona msamaha huo tunautangaza kwa chuma, na hatujautangaza kwa jeraha? Aliyelipukiwa usiku wa leo, je, anajua kwamba anaweza kutibiwa kwanza na kuhojiwa baadaye? Nimewauliza wanafunzi wangu, wengi wao watoto wa vijijini. Hakuna aliyejibu kwa uhakika.

Mdeki ninao mimi. Shangazi aliutumia miaka mingi kuchochea moto, na alama ingali inaonekana.